Mwezi mmoja kando ya Ziwa Victoria kwa gari lako, kuanzia Nakuru

Mtu wa Nakuru akipata likizo ndefu, mawazo yake hukimbilia Mombasa. Sina neno na Mombasa, lakini anayetaka kukaa barabarani mwezi mzima bila haraka ningemwelekeza magharibi. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, ila kipande hicho kimejaa pembe na vichochoro vya maji: Ghuba ya Winam inayoingia ndani hadi Kisumu, vinamasi vya Yala, visiwa vya Rusinga na Mfangano, milima ya Gwassi, halafu Karungu na Muhuru karibu na mpaka wa Tanzania. Wengi hufika Kisumu Ijumaa, wakala samaki, wakapiga picha jua likitua, na Jumapili wakarudi. Ufuo wenyewe huwa hawajauona.

Mwongozo huu ni wa watu wawili hadi wanne, gari dogo la kawaida, wanaojipangia mambo yao wenyewe.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi kabla ya kuchagua njia

Masika ya Machi hadi Mei yaache yapite. Lami haitakusumbua, lakini vijia vya kushuka ufuoni vingi ni vya udongo mweusi, na udongo huo ukilowa hata gari la magurudumu manne huteleza. Tambarare za Kano na Budalang'i hufurika katika miezi hiyo mvua ikizidi.

Desemba nayo ina shida ya aina nyingine: watu wa mijini wanarudi nyumbani, gesti zinajaa, na bei hupanda. Mimi napendelea katikati ya Januari hadi katikati ya Februari. Jua ni kali, hilo sikufichi, ila barabara za udongo ni kavu, vyumba vinapatikana na mwenye gesti ana muda wa kuzungumza bei. Walio na watoto wa shule watalazimika kusubiri likizo ya Agosti, na Agosti ina faida yake: uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili dagaa hao wazaane, kwa hiyo ukienda baada ya hapo utaona taa za wavuvi zimetapakaa majini usiku kucha. Ukienda Mei au Juni, giza.

Hatua ya pili: panga vituo, usipange kilomita

Hapa ndipo safari nyingi za mwezi mzima huharibikia. Mtu anachora ramani yenye miji ishirini, kila siku anafunga mizigo, na wiki ya pili watu wa garini hawasemezani. Chagua vituo vitano, ulale kila kimoja usiku kadhaa, na kutoka hapo uende matembezi ya mchana ukirudi jioni kwenye kitanda kilekile. Mgawo wangu ni huu: Kisumu siku 6, Bondo au Usenge siku 5, Mbita na visiwa vyake siku 8, Homa Bay na Kendu Bay siku 5, upande wa Migori na Karungu siku 3. Hizo ni 27. Siku 3 zilizobaki usizipangie kitu. Zitaliwa na mvua, na feri, na gari, au na mahali ambapo hamtaki kuondoka.

Siku ya kuhama kituo iwe ya kuhama tu. Toka asubuhi, fika kabla ya saa nane, pumzika. Usiendeshe usiku, hata kama umebakiza kilomita thelathini. Ng'ombe, baiskeli zisizo na taa na bodaboda za watu watatu ziko barabarani mpaka saa tatu.

Kuna jambo moja la huku ambalo ramani haikuonyeshi. Ijumaa na Jumamosi ni siku za mazishi. Mwili ukitolewa mochari Ijumaa, msafara wa magari huenda nao pole pole hadi nyumbani, na gesti za miji midogo hujaa waombolezaji. Basi hama kati ya Jumatatu na Alhamisi, na ukikutana na msafara punguza mwendo, usipige honi, usiupite kwa fujo. Watu wanakuona.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya pesa

Anza na mafuta kwa sababu ndiyo hesabu rahisi. Kwenda, kurudi na mizunguko yote ya kando, weka kilomita 1,200. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litahitaji lita 100; zidisha kwa bei ya siku hiyo, kisha ongeza moja ya tano kwa ajili ya barabara mbaya. Malazi yapigie hesabu ya usiku 29, na uulize bei ya wiki badala ya bei ya usiku mmoja. Mgeni wa siku tano ana haki ya kupunguziwa, na wenye gesti wanalijua hilo.

Chakula kitashuka sana mkijipikia mlo mmoja kwa siku. Bebeni jiko dogo la gesi, sufuria mbili na kisu kizuri. Boti na feri ziwekee fungu lake, ili fungu la chakula lisiguswe.

M-Pesa inakubalika karibu kila mahali, lakini visiwani mtandao hukatika, kwa hiyo kaa na noti ndogondogo. Hifadhi za wanyama za KWS, shirika la wanyamapori la serikali, hazipokei pesa taslimu. Hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Fungua akaunti na ujaribu kuingia ukiwa bado Nakuru, kwa sababu langoni si mahali pa kuanza kutafuta nywila.

Hatua ya nne: gari

Lipeleke kwa fundi wako wiki mbili kabla, ili kikibadilishwa kitu ukiendeshe kwanza mjini. Breki zitazamwe kuliko kitu kingine chochote, maana utashuka kutoka nyanda za juu za Mau na Kericho hadi ziwani, kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na ni mteremko mrefu. Kisha redieta na mabomba yake, kwa sababu joto la Kano si la Nakuru. Kisha tairi, pamoja na ile ya spea: ipulizwe, ikaguliwe, na jeki ijaribiwe. Beba spana ya magurudumu, waya wa kuamshia betri, kamba ya kuvutia, pembetatu za onyo, kizima moto, lita tano za maji ya redieta na tochi. Fundi wa pancha utampata kila soko, kwa hilo usihangaike.

Jaza tangi Kisumu, Bondo, Homa Bay na Migori. Ufikapo nusu tangi, jaza tena.

Hatua ya tano: afya

Ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima. Sisi wa Nakuru, tunaoishi kwenye baridi, mara nyingi hatuna kinga waliyo nayo wenyeji, kwa hiyo usijilinganishe na mwenyeji anayelala mlango wazi. Zungumza na daktari kuhusu dawa za kumeza za kujikinga, hasa kama kuna mtoto au mama mjamzito. Beba neti yako mwenyewe hata kama gesti imesema ina neti. Utakuta ina matundu, au ni ya kitanda kimoja na nyinyi ni wawili.

La pili ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotulia karibu na ufuo penye majani, na huingia kwa kupenya ngozi; kusimama majini hadi magotini kunatosha. Utaona watoto wakiogelea na mama wakifua, na utashawishika. Usiingie. Kama unataka kuogelea, tafuta hoteli yenye bwawa. Mamba na viboko nao wapo kweli, na kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, kwa hiyo usipige hema kando ya maji kwa sababu tu mahali panapendeza.

Hatua ya sita: Kisumu, na kujizoeza mwendo wa pole

Kutoka Nakuru pitia Mau Summit na Kericho. Kipande cha Salgaa kina malori mengi na historia ya ajali mbaya. Ondoka alfajiri palipopambazuka, kaa nyuma ya lori hadi uone mbele vizuri. Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, sababu nyingine ya kuipita asubuhi. Ukishuka Awasi na Ahero utaanza kuona mashamba ya mpunga, na joto litaingia dirishani.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mji ulikua ukiitazama bandari yake. Siku mbili za kwanza usifanye mengi. Nenda makumbusho ya Kisumu, tembea soko la Kibuye Jumapili, halafu siku nyingine amka mapema uende Dunga, ufuo wa wavuvi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, boti zinarudi, akina mama wanasubiri na ndoo, na bei inatajwa kwa sauti kabla samaki hawajaguswa. Simama pembeni kwanza uangalie. Ukitaka kununua, funua mashavu ya samaki: yawe mekundu mabichi, siyo ya kahawia. Jicho liwe wazi na limejaa. Bonyeza ubavu kwa kidole. Nyama ikirudi mahali pake, mchukue. Ngege, yaani tilapia, huliwa mzima, wa kukaanga au wa mchuzi. Sangara, wanayemwita mbuta, huuzwa kwa vipande. Mama atakuparia magamba hapohapo kwa pesa kidogo, na hiyo pesa usiibanie.

Boti ya matembezi ichukuliwe asubuhi, ukapite kando ya mafunjo kutazama ndege. Mchana upepo huinuka na mawimbi nayo. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe na lifungwe. Likiwekwa chini ya kiti halina kazi. Kama nahodha hana majaketi ya kuwatosha, mwambie asante na utafute boti nyingine. Ukiwa na shaka na mtu yeyote ufuoni, uliza ofisi ya BMU, kamati ya ufuo. Kila mwalo, yaani ufuo wa kuegeshea boti za uvuvi, una ya kwake, na wao ndio wanaojua boti ipi ni ya nani. Magugu maji yakisukumwa na upepo yanaweza kuziba mwalo kwa siku nzima. Likitokea hilo, hakuna wa kulaumiwa. Nenda kesho.

Hatua ya saba: Siaya

Chukua barabara ya Bondo, usimame Kit Mikayi, kiasi cha kilomita thelathini kutoka Kisumu. Ni rundo la mawe makubwa ajabu yaliyosimama juu ya mengine, na watu huenda pale kusali, kwa hiyo zungumza taratibu na uulize kabla ya kupiga picha.

Bondo kuna kaburi na makumbusho ya Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa rais wa kwanza wa Kenya, mahali wanapopaita Kang'o ka Jaramogi. Upande wa Yimbo kuna kilima cha Got Ramogi, chenye msitu ambao masimulizi ya Wajaluo yanasema Ramogi na watu wake waliufanya makao walipoingia nchini. Panda na mwenyeji. Atakuonyesha miti ya dawa na sehemu usizopaswa kukanyaga.

Mahali ninapopapenda kuliko pote katika kaunti hii ni Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala. Ni ziwa dogo, kimya, limezingirwa na mafunjo, na linatunza kitu ambacho ziwa kubwa limekipoteza: aina za ngege na samaki wadogo waliotoweka Ziwa Victoria baada ya sangara kuletwa miaka ya 1950 na 1960 bado wako humu. Nzohe, yule swala wa vinamasini, naye yumo, ingawa kumwona ni bahati. Tenga siku nzima, beba chakula na maji.

Hatua ya nane: vuka na gari lako hadi Mbita

Usirudi Kisumu kuzunguka ghuba. Kutoka Bondo pitia Ndori hadi Luanda Kotieno, upande feri ya Mbita. Safari ya majini ni kama saa moja, na inakuokolea mzunguko mrefu wa barabara. Ratiba ipigie simu siku moja kabla, ufike mapema, maana nafasi za magari ni chache na lori moja linaweza kula nafasi ya magari matatu. Unapoelekezwa kuingia, abiria washuke watembee, dereva peke yake aingize gari akifuata mkono wa mfanyakazi wa feri. Zima injini, vuta breki ya mkono, acha gia imeingia, funga vioo. Kisha shuka upande juu. Kukaa garini ni kujinyima Ghuba ya Winam yote.

Mbita ndiyo kituo cha kukaa muda mrefu. Rusinga imeunganishwa na bara kwa daraja, na barabara inayokizunguka kisiwa inaweza kuendeshwa asubuhi moja, lakini ipe siku mbili. Kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, liko Rusinga ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Kisiwa hichohicho ndipo Mary Leakey alipopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, sokwe wa kale aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita.

Jioni nenda kwenye mwalo wa omena. Boti zinatoka giza likiingia, kila moja na taa zake. Mwanga huwavuta wadudu, wadudu huwavuta omena, na wavu hushushwa. Asubuhi omena hao hao wametandazwa juani kwenye nyavu ardhini, na mama anapita akiwageuza kwa ufagio. Ukiwanunua hapo, chagua wakavu wanaovunjika kwa kidole na kung'aa fedha. Wanaonata wameanikwa bila jua la kutosha.

Mfangano acha gari Mbita, mahali palipo na mlinzi, uende kwa boti kubwa ya abiria. Lala angalau usiku mbili. Wenyeji wa asili ni Wasuba, na Makumbusho ya Amani ya Abasuba ndiyo yanayotunza habari zao. Michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga, miduara ya rangi nyekundu na nyeupe ndani ya duara jingine, inasemekana ni kazi ya Watwa walioishi hapa kabla yao. Usiiguse, usiimwagie maji ili rangi ionekane vizuri kwenye picha. Watu wamefanya hivyo, na rangi inakwisha. Kufika huko ni kwa kupanda kwa miguu, kwa hiyo viatu viwe vya kazi.

Ukizungumza na wazee, anza na salamu ndipo shida yako ifuate. "Oyawore, mzee", salamu ya asubuhi kwa Kijaluo, inafungua milango mingi, na "erokamano", yaani asante, mwishoni.

Hatua ya tisa: Homa Bay, Ruma na Simbi

Kutoka Mbita hadi Homa Bay ni lami na si mbali. Hifadhi ya Ruma, kilomita za mraba 120 katika bonde la Lambwe, ndiyo mahali pekee Kenya ambapo korongo, swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, bado anaishi porini. Ingia alfajiri. Gari dogo linatosha wakati wa kiangazi, siyo baada ya mvua. Nzi wa ndorobo wapo, na wanavutiwa na nguo za buluu na nyeusi. Vaeni kahawia au kijani kilichopauka.

Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, ni ziwa la kreta lenye maji ya magadi, kijani kizito, na mara nyingine flamingo wengi. Wenyeji watakusimulia juu ya bibi kizee aliyenyimwa hifadhi usiku wa ngoma, na kijiji kikazama. Simulizi hilo lisikilize kutoka kwao, wakiwa wamekaa ukingoni.

Hatua ya kumi: kusini

Kuna barabara inayofuata ufuo kupitia Sindo na Magunga hadi Karungu, yenye mandhari ya milima ya Gwassi. Kabla hujaichukua, waulize madereva wa matatu wa Mbita au Sindo hali yake wiki hiyo. Wakisita, zunguka kwa lami kupitia Rongo na Migori.

Thimlich Ohinga usiiache. Ni kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, baadhi zinapita urefu wa mita nne, na UNESCO iliziorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2018. Tazama milango kwa karibu: mawe marefu yamelazwa juu kubeba uzito, na njia ni nyembamba kiasi cha mtu kuinama akiingia, ili mgeni mbaya asiingie akiwa wima. Ziko kiasi cha kilomita 46 kutoka mji wa Migori, na hakuna mikahawa. Bebeni chakula, mchukue mwelekezi wa pale.

Kurudi

Migori, Kisii, Sotik, Litein, Kericho, Nakuru. Igawe mara mbili kwa kulala Kisii au Kericho. Baada ya mwezi wa mwendo wa pole, siku moja ndefu ya malori itakuchosha kupita kiasi. Gari likifika nyumbani, lioshwe chini na tairi zitazamwe.

Kisha jitazameni wenyewe. Homa, kuumwa kichwa au uchovu usio wa kawaida ndani ya wiki chache zinazofuata ni sababu ya kupima malaria siku hiyohiyo, na mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa ziwani, kwa sababu Nakuru anaweza kudhani ni mafua. Kama mlikanyaga maji ya ufuo, hata mara moja, ombeni kipimo cha kichocho baada ya wiki sita hadi nane. Mapema kuliko hapo mara nyingi hakionyeshi. Dawa yake ipo na hutolewa kwa uzito wa mwili, kwa hiyo watoto wapelekwe wapimwe pia, hata kama hawalalamiki.